Mwisho Ambao Wakili Hakuuona

Kila siku ya shule, ikifika saa kumi alasiri, sebule ya nyumba ile haikuwa na mahali pa kukaa kwa amani. Dirishani mama alishona sare za shule kwa cherehani yake ya miguu, na vipande vya kaptura za bluu vilikuwa vimerundikana hadi kwenye mkono wa kochi. Sakafuni, mbele ya televisheni, kaka mtu alikuwa amekunja miguu, kidhibiti mkononi, akipambana na mazimwi ya mchezo wa video. Katikati yao, kwenye meza ya kulia chakula, alikaa msichana wa miaka kumi na miwili akijaribu kufanya hesabu za sehemu. Hesabu zilikuwa hazimwingii hata kidogo.

Nyumbani msichana huyo walimwita Wakili, kwa sababu hakuna jambo lililopita mbele yake bila kupingwa. Siku hiyo alikuwa ameshaukodolea macho mchezo wa kaka yake kwa dakika ishirini, na uvumilivu ukamwishia.

"Kaka, huyu shujaa wako hana adabu," alisema. "Anaingia nyumba za watu bila hodi, anafungua makabati yao, anachukua dawa, halafu mwenye nyumba anamwambia leo hali ya hewa ni nzuri."

"Ndivyo gemu ilivyo," kaka akajibu bila kugeuka.

Wakili akataka kujua ni kwa nini basi shujaa huyo avamiwe kila akipiga hatua tatu, na ni kwa nini mfalme, ambaye nchi yake inaungua, akae kitini na kueleza historia ya babu zake wanne. Kaka aliongeza sauti. Mama, bila kuinua kichwa, alisema yeye angefurahi kama ule muziki wa duka la humo mchezoni ungebadilishwa japo mara moja, maana ulikuwa ukimfuata mpaka jikoni.

Mchezo wenyewe ulitoka Japani, na maandishi yake yalikuwa yametafsiriwa kwa Kiingereza. Ulikuwa mrefu ajabu. Mama aliruhusu saa moja tu kwa siku kwa kila mtoto, tena baada ya kazi za nyumbani, na kaka alikuwa ameutumia muda wake wote humo tangu likizo. Alishafikisha saa hamsini na mbili. Mashine ya kuuchezea waliundiwa na mjomba wao, fundi redio na televisheni, ambaye alichukua mashine mbili zilizokufa akapata moja nzima. Mjomba aliionea fahari mashine ile. Mteja hakutoka kwenye karakana yake kabla hajasimuliwa habari zake.

Wiki ile ile, mwalimu wa Kiswahili alitoa kazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, asiyependa maneno ya kubahatisha. Aliwaambia wanafunzi wachague kitu wanachokijua, waandike uzuri wake na kasoro zake, kisha waseme mizani imelala upande gani.

"Sharti ni moja," alisema. "Ukichagua kitabu, uwe umefika ukurasa wa mwisho. Ukichagua viatu, uwe umevivaa mpaka soli imelika. Asiyefika mwisho asipime."

Kisha akataja zawadi. Atakayeandika vizuri kuliko wote ndiye atakayekuwa mhariri wa gazeti la ukutani, ule ubao wenye kioo uliokuwa nje ya ofisi ya walimu. Mhariri alikabidhiwa ufunguo wa kioo, na yeye ndiye aliyeamua ni insha ipi ibandikwe na ipi irudi kwa mwenyewe. Wakili alikitamani cheo hicho tangu darasa la nne. Mara nyingi alisimama mbele ya ubao ule akitikisa kichwa kwa makosa ya wengine.

Hakuwa na haja ya kufikiri sana kuhusu mada. Kama kuna kitu kilichomkera duniani, ni mchezo wa kaka yake, na sasa angeulipa kwa maandishi. Jioni hiyo aliomba afundishwe kuucheza. Kaka alishangaa, akafurahi, akamwonyesha nafasi tatu za kuhifadhia mchezo, kila moja ikibeba safari moja tu, ili mtu akirudi aanzie alipoishia.

"Ya kwanza na ya pili ni zangu, usiziguse," alisema. "Wewe tumia ya tatu. Na kila ukiona jiwe linang'aa, sevu. Usifikirie mara mbili, sevu tu."

Kwa siku tisa Wakili alicheza saa yake moja na daftari pembeni. Aliandika kila kitu. Dakika kumi na saba za mazungumzo kabla shujaa hajashika upanga. Hatua kumi na tisa kutoka kijijini hadi darajani, na mapigano matano njiani. Nyumba kumi na mbili katika kijiji cha mtoni alikozaliwa shujaa, kila moja na mwenyeji wake mwenye sentensi moja tu, na sentensi hiyo aliirudia hata ukimwuliza mara kumi. Aliguna, alisonya, alimwambia mama kwamba aliyetunga kitu hiki hakuwa na mtu wa kumwambia basi, inatosha.

Lakini alikuwa mkweli katika daftari lile, na upande wa uzuri nao ulianza kujaa, tena ukamuudhi zaidi. Wimbo wa kijiji cha mtoni ulikuwa mzuri, alijikuta akiuimba wakati akiosha vyombo. Palikuwa na mama mhunzi aliyejiunga na safari, mnene, mwenye utani, na Wakili alimpenda. Halafu hakuna aliyeshinda peke yake. Mganga asipolindwa, wote mnaanguka. Hayo yote aliyaandika huku amekunja uso.

Zilipobaki siku tatu, alipiga hesabu. Alikuwa na saa tisa. Mchezo ulihitaji zaidi ya hamsini. Alifunga daftari kwa hasira, kwa sababu hesabu hizi, tofauti na zile za sehemu, hazikuwa na njia ya kuzikwepa.

Siku iliyofuata kaka alikuwa kwenye mazoezi ya mpira na mama alikwenda kupeleka sare shuleni kwa wateja wake. Wakili akawasha mashine. Alijiambia kwamba ataangalia tu. Akafungua nafasi ya kwanza, ile ya saa hamsini na mbili, akamkuta shujaa amesimama chini ya mnara mweusi. Mlangoni mlinzi alianza kusema maneno marefu. Wakili alikuwa amechoka kusoma maneno ya watu hawa, akabonyeza, akabonyeza, mpaka mlinzi akanyamaza, shujaa akaingia, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Ndani ya mnara mambo yalikuwa magumu. Mazimwi yalikuwa makubwa, na Wakili hakujua nusu ya silaha alizoshika. Kila alipoumizwa alifungua mfuko wa kaka na kunywa chupa ya dawa. Kaka alikuwa amejiwekea chupa arobaini na tatu za dawa kali, na hakuwahi kutumia hata moja. Mara nyingi aliona bora afe kuliko afungue chupa. Wakili alizimaliza zote kwa dakika thelathini na tano. Mbele ya mlango wa mwisho aliona jiwe linang'aa, na mkono wake ukafanya ulichofundishwa. Ukahifadhi.

Kisha akaingia, na zimwi la mwisho likamwangusha kwa pigo moja. Akarudi, likamwangusha tena. Alipotaka kutoka nje ya mnara akatafute dawa, mlango haukufunguka. Hapo ndipo alipoanza upya penye lile jiwe na kuyasoma maandishi yaliyotokea juu yake: umehifadhi katika nafasi ya kwanza. Maneno ya mlinzi aliyokuwa ameyaruka mlangoni aliyaelewa sasa bila kuyasoma. Ukiingia hutoki.

Alizima mashine, akafuta kidhibiti kwa upindo wa sketi, akakaa mezani na kufungua daftari la hesabu.

Mwisho wa mchezo aliusikia kwa rafiki yake, msichana waliyemwita Redio kwa sababu hakuna habari iliyomfikia ikalala. Redio alisema binamu yake aliumaliza: shujaa anamwua zimwi, mfalme anamvika taji, nchi nzima inacheza ngoma. Wakili akauandika hivyo hivyo, akaongeza kwamba ni mwisho wa kawaida mno, usiostahili safari ndefu kiasi hicho. Akakabidhi insha.

Nyumbani kaka alipofungua mchezo hakuelewa. Alihesabu chupa mara mbili. Aliutazama mnara ambao hakukumbuka kuuingia. Mama alimwuliza Wakili kama anajua lolote, naye akasema labda umeme ulikatika na kurudi vibaya. Kilichomuuma ni kwamba kaka alimwamini papo hapo. "Wakili hawezi kufika huko," kaka alisema. "Yeye bado anagombana na mfalme." Mashine ikapelekwa kwa mjomba.

Siku mbili baadaye mwalimu alimwita Wakili mezani kwake baada ya kipindi. Insha yake ilikuwa mkononi, imeshikwa kwa vidole viwili.

"Imezishinda zote," mwalimu alisema. "Jumatatu nitakukabidhi ufunguo. Ila nina swali. Mwanzo umehesabu mpaka hatua za kufika darajani. Mwisho hujahesabu kitu. Uliufikia?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu alimtazama, akasema haya, akamruhusu aende. Wakili alitoka darasani akiwa mhariri, cheo alichokiota miaka mitatu, na hakuwa na hamu ya kumwambia mtu.

Mama alikuwa amemwagiza apitie karakana kuuliza hali ya mashine. Alimkuta mjomba ameinama mezani, miwani imeteremka hadi ncha ya pua. Mashine ilikuwa imefunguliwa kabisa, skrubu zake zimepangwa ndani ya vifuniko vya chupa. Pembeni kulikuwa na redio nne na televisheni moja, kila moja na karatasi ya jina la mwenyewe, hazijaguswa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Kaa." Mjomba alivua miwani, akafikicha macho. "Hii ni mara ya tatu naifungua. Naipima, nzima. Naiwasha, nzima. Lakini kaka yako hawezi kusema uongo, chupa zake zimekwenda. Kuna ubovu humu, na mimi siuoni. Nafikiri nilijisifu mno. Mashine mbili zilizokufa zilitakiwa zibaki zimekufa."

Aliongea kwa uchovu, wala hakumtazama. Akaeleza kuwa mwenye televisheni ile alishakuja mara mbili na kuondoka amenuna, na kwamba kama leo hataupata ubovu, ataacha kutengeneza mashine za namna hii, awaachie vijana wenye macho. Wakili alitazama vile vifuniko vya chupa na skrubu zake. Alisikia uchungu zaidi kuliko siku ile aliposoma jiwe.

"Mjomba, haina ubovu," alisema. "Ni mimi."

Akaeleza yote: nafasi ya kwanza, mnara, chupa, jiwe, uongo wa umeme, taji la Redio, swali la mwalimu. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashusha pumzi ndefu, akazitazama zile redio nne, akamtazama mpwa wake, akafumba macho kama mtu anayeumwa jino.

"Siku mbili," alisema. "Siku mbili namfanyia upasuaji mtu mzima wa afya."

Hakumgombeza zaidi. Alimpa bisibisi akamwamuru akae afunge mashine, skrubu moja moja, yeye akavuta ile televisheni ya mteja. Wakili alizifunga zote kumi na moja. Alipomaliza, mjomba alimwambia kwamba mashine ataibeba yeye, lakini kaka ataambiwa na Wakili, na mwalimu ataambiwa na Wakili. Katika hayo mawili hatamsaidia.

Kaka aliambiwa jioni hiyo hiyo, mbele ya cherehani iliyosimama. Alikwenda dirishani, akarudi.

"Chupa arobaini na tatu," alisema hatimaye. "Umekunywa chupa arobaini na tatu, na bado ukapigwa?"

"Nimepigwa."

"Kila saa unasema mashujaa hawa hawana akili!" Sauti ilimpasuka, akaondoka chumbani. Kwa siku nne hakumsemesha dada yake ila kwa mambo ya lazima.

Kwa bahati nafasi ya pili ilikuwa salama, nayo ilikuwa ya saa arobaini na moja. Kaka alikuwa amepoteza saa kumi na moja. Mama ndiye aliyetoa hukumu: saa ya Wakili ya kila siku itakuwa ya kaka mpaka afike pale alipokuwa na chupa zake zote zirudi, na yale mapigano madogo madogo ya kuongeza nguvu, ambayo kila mtu anayachukia, Wakili atayapigana yeye huku kaka akisimamia.

Jumatatu asubuhi Wakili alimkuta mwalimu kabla ya kengele. Alisema hakuufikia mwisho, alisema lile taji alilisikia kwa Redio, alisema swali lake alilijibu kwa uongo, na alisema insha irudi. Mwalimu hakushangaa. Alichukua kalamu nyekundu, akapitisha mstari juu ya aya ya mwisho, akamrudishia karatasi.

"Ufunguo siwezi kukupa," alisema. "Nilisema asiyefika mwisho asipime, na wenzako walisikia."

Ufunguo alipewa mvulana aliyeandika kuhusu viatu vyake vya shule, ambavyo kweli soli ilikuwa imelika, vidole vilikuwa vikichungulia. Wakili alipiga makofi pamoja na wengine. Iliuma, hakuna haja ya kuficha, na alipofika chooni alilia kidogo, akanawa uso, akarudi darasani.

Basi zikapita wiki tatu za adhabu. Wakili alipigana na mazimwi madogo hadi akayaota. Alisonya, alilalamika, alimwuliza kaka kama Japani hawana shughuli nyingine. Kaka alianza kwa kununa, akaendelea kwa kuelekeza, na kufikia wiki ya pili walikuwa wakibishana kuhusu nani abaki nyuma kumlinda mganga. Walipofika tena chini ya mnara, kaka alimwambia asome maneno ya mlinzi kwa sauti, yote. Akayasoma.

Jumamosi moja mchana waliufikia mwisho. Hapakuwa na taji. Mfalme hakuonekana kabisa. Zimwi lilipokufa, watu wote wa nchi ile waliamka wamesahau vita, na wamemsahau aliyewapigania. Shujaa akarudi kwa miguu mpaka kijiji cha mtoni. Alipita nyumba zile kumi na mbili, na safari hii hakuna aliyemsemesha. Akabisha hodi kwenye nyumba ya mwisho. Mama yake akafungua, akamtazama, akamwuliza yeye ni nani. Kisha akasema anaonekana amechoka, aingie akae.

Wakili alilia, na alikasirika kwamba analia. Mchezo ulimchosha majuma yote yale kwa milango yake na sentensi zake za hali ya hewa, kumbe ndiyo hiyo milango iliyomfanya ajue kila nyumba shujaa aliyoipita. Kama asingeifungua mmoja mmoja, mwisho ule usingemgusa. Cherehani nayo ilikuwa kimya. Mama alikuwa ameshika kaptura mkononi, macho kwenye televisheni.

Aliandika insha upya. Alizieleza kasoro bila kuzihurumia, akasema uvivu wa mwanzo wa mchezo ni kasoro na pia ndio unaobeba uzito wa mwisho wake, na kwamba yeye mizani yake imelala upande wa uzuri kwa kidogo tu. Chini kabisa aliandika: "Saa tisa za kwanza nilicheza mwenyewe. Saa za mwisho nilicheza na kaka yangu. Saa thelathini na mbili za katikati sijaziona."

Mwalimu aliisoma akiwa amesimama kwenye ubao wa gazeti, mhariri wa viatu akisubiri na ufunguo wake. Alipofika mstari wa mwisho alirudia kuusoma.

"Hapa shuleni ni nani mwingine ameucheza mchezo huu?" aliuliza.

"Hakuna, mwalimu."

"Kwa hiyo hakuna ambaye angekukamata. Lile taji lingebandikwa hapa, mia tatu wangelisoma, mia tatu wangeamini, na mimi mmojawapo. Msomaji hana saa hamsini za kwenda kuhakikisha. Anachoweza ni kukuamini tu. Ukimwambia ulichokiona na ukamwambia ulipoishia, hujamwibia kitu, hata kama hukufika mbali. Ukijaza pengo kwa maneno ya kusikia, basi hata zile hatua kumi na tisa ulizozihesabu kwa haki hazina kazi tena, kwa sababu hajui zipi ni zako na zipi ni za Redio."

Mvulana wa viatu alifungua kioo. Wakili alishika karatasi wakati mwenzake akichomeka pini nne, na mstari ule wa mwisho wakauacha mahali ambapo hata mtoto wa darasa la kwanza angeuona.